Kuku wa Mtani na Chanjo Isiyotoka Getini

Kuku aliyenusurika kwa mama yangu alikuwa mmoja tu, mtetea wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, aliyezoea kulala juu ya mfenesi, na damu yake ilionyesha kwamba alikuwa amechanjwa. Kwa kijiji kile hilo lisingemshangaza mtu, maana mimi mwenyewe niliwachanja kuku wa pale miaka mingi. Ila huyu hakuwahi kupita mikononi mwangu siku ya chanjo. Na kinga iliyokutwa kwenye damu yake ilikuwa ya chanjo ambayo kwa sheria haikuwahi kuvuka geti la kituo chetu cha utafiti. Aliyeitengeneza ni mtani wangu Maganga, mtu niliyemwonea wivu tangu tulipoajiriwa pamoja hadi siku niliyorudisha funguo za maabara.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya chanjo za kuku. Habari za jeni mtafundishwa darasani na watu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, mtu wa mayai na vichupa, na sasa nimestaafu niko Kihonda, nafuga kuku wachache nyuma ya nyumba kwa sababu hatimaye hakuna anayenikataza. Nitawaeleza habari ya yule mtetea. Lakini siwezi kuieleza bila kurudi nyuma, kwenye chumba cha mayai.

Chumba cha mayai kilikuwa chini ya Bi Hadija, mwanamke wa mjini Morogoro, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa wakati ule chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku banda zima, ilitengenezwa kwa njia moja tu: unachukua yai lenye kifaranga kinachokua ndani, unatoboa tundu dogo juu ya ganda, unaingiza virusi vilivyo dhaifu visivyoleta ugonjwa, unaziba tundu kwa nta, unarudisha yai kwenye joto. Virusi huzaliana humo. Baadaye unayavuna yale maji yanayokizunguka kifaranga, na hayo ndiyo chanjo. Kila siku unamulika mayai gizani kwa taa, yai moja moja, uone mishipa ya damu kama bado ni myekundu na kifaranga kama bado kinacheza. Lililokufa mapema unalitoa.

Bi Hadija alitupa, mimi na Maganga, trei moja moja wiki ya kwanza. Mimi nilitoka milimani, kwa Waluguru wa juu ya Mgeta. Maganga alitoka Tabora, Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Aliposikia kwetu ni wapi alisema, "Ninyi si ndio mnalima ukutani? Mahindi yenu mnayafunga kamba yasiporomoke?" Nikamwambia apokee trei yake aibebe kichwani kama babu zake walivyobeba mizigo ya watu mpaka pwani. Tukacheka, na tangu siku hiyo hatukuitana kwa majina.

Mwisho wa wiki ile Bi Hadija alimulika trei zetu. Ya Maganga ilikuwa hai karibu yote. Ya kwangu ilikuwa kimya. Nilikuwa nimeziba matundu kwa nta iliyotoka motoni wakati huohuo, ikachuruzika ndani.

"Dismas," alisema, "tulikuagiza chanjo, umetuletea kifungua kinywa."

Kisha akamgeukia Maganga, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu kama anayetazama kitambaa dukani. "Huyu ana mkono," akasema.

Mimi hakuwahi kuniambia hivyo. Nilifanya kazi chini yake mpaka alipostaafu, nikaja kuwa mtu anayeitwa kila trei ya mtu mwingine ilipoharibika, na alinisifu kwa mambo mengi: kuwahi, usafi, kumbukumbu. Mkono hakuutaja. Kama mnadhani mtu mzima hawezi kulibeba neno moja la namna hiyo miaka thelathini na zaidi, subirini.

Jambo la nta lishikeni hivi: iyeyushe, iache mpaka ianze kufanya utando juu, ndipo utie tone. Na msiwe na haraka na yai. Bi Hadija alikuwa akisema yai halijui kwamba una basi la kuwahi.

Maganga alikaa chumba cha mayai muda mfupi, akapata nafasi ya masomo, akaondoka. Mimi niliomba nafasi ileile sikuipata. Nikabaki na mayai, na baadaye nikawa mtu wa kupeleka chanjo vijijini. Huko ndiko nilikopata jina. Tulikuwa na aina ya virusi vya chanjo vinavyovumilia joto. Hata pasipo na friji, ukiifunga chupa kwa kitambaa kibichi na kuiweka kivulini ndani ya kikapu, inafika mlimani ikiwa bado nzima. Kazi ya kutunza mbegu ya virusi hivyo ilikuwa yangu. Umeme ulipokatika, wengine walikimbilia jenereta. Mimi nilikimbilia lile friza dogo la kona.

Kumchanja kuku wa kijijini ni tone moja la jicho. Mlaze ubavu, shika kichwa kwa vidole viwili, chupa iwe wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone hayatakuwa sawa na wa mwisho watakosa. Dondosha, na usimwachie mpaka apepese. Asipopepesa dawa iko juu ya jicho, haiko ndani. Wengi wanaharibu hapo. Na wafanyie mapema, kabla jogoo wa kwanza hajaruka nje ya banda, kwa sababu kuku wa Uluguru akishatoka utamkimbiza mpaka bondeni, na kurudi ni kupanda.

Kijiji cha mama yangu kilinifahamu kwa kazi hiyo. Kabla ya chanjo, mdondo ulikuwa ukija kiangazi na kufagia mabanda yote. Baada ya chanjo ulipita vijiji vya jirani, pale kwetu ukapita pembeni. Watu waliniita "Dismas wa matone". Nilizipenda sana safari zile. Huko juu hapakuwa na Maganga.

Akarudi akiwa daktari wa sayansi, mwenye upara na maneno mapya. Alikuja kunisalimia chumba cha mayai siku yake ya kwanza, akachukua taa yangu bila kuomba, akamulika yai. "Hili limekufa," akasema. Na kweli lilikuwa limekufa, nami nilikuwa nimelipita.

Kazi aliyokuja nayo nitaieleza kama alivyonieleza mimi, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Kuku wana magonjwa mengi ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi. Mdondo ni mmoja. Mwingine ni ule ugonjwa wa koo unaomfanya kuku anyooshe shingo juu, afungue mdomo, akorome na kukohoa makamasi yenye damu. Kuwa na chanjo mbili ni gharama na usumbufu, na chanjo ya zamani ya ugonjwa wa koo ina hatari zake, maana virusi vyake vikizunguka sana kwenye kuku vinaweza kurudia ukali. Basi yeye alitaka achukue virusi dhaifu vya mdondo, akate jeni moja tu kutoka kwa virusi vya koo, ile inayotengeneza kipande cha ngozi yake, aipandikize ndani ya vile vya mdondo. Virusi vikiingia kwa kuku vinazaliana na kukionyesha mwili kile kipande. Mwili unajifunza maadui wawili kwa tone moja. Na kwa kuwa ni kipande tu, ugonjwa wa koo wenyewe haupo humo.

"Kwa hiyo vya mdondo vinabeba mzigo wa vya koo," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

"Mnyamwezi ni Mnyamwezi. Umesoma ng'ambo, umerudi, umewafanya hata virusi wapagazi."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akafuta macho, akasema, "Na mpagazi nimeshamchagua, mtani. Nataka Mluguru. Amezoea joto la bondeni na baridi ya mlimani. Nipe ile mbegu yako."

Nilimpa. Ilikuwa mali ya kituo, nisingeweza kumnyima, na utani haukuniachia mahali pa kununa. Hilo ndilo nililojifunza juu ya utani: unaweza kumwambia mtu ukweli wako wote akacheka, na wewe ukarudi nyumbani nao uleule. Nilimwambia mbele za watu kwamba ni mwizi, kwamba kaja kuvuna asipopanda. Kila mtu alicheka, yeye akicheka zaidi yao. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa sitanii.

Walianza kuja wageni. Walikuwa wakipitishwa mbele ya chumba cha mayai kwenda chumba chake, na mlango wangu ulikuwa na kioo, kwa hiyo niliwaona wote. Alikuwa akiwaambia, "Huyu ndugu ndiye aliyetutunzia virusi vinavyobeba." Alilisema kila mara, sikumbuki siku aliyolisahau. Wageni walitikisa vichwa, wakaendelea kumtazama yeye. Ningependelea asiseme kabisa.

Kisha likaja jaribio. Kuku wa makundi mawili, waliopewa tone lake na wasiopewa, waliwekwa kwenye banda la kufungwa, lenye milango miwili, bafu katikati, na hewa inayochujwa. Kuingia unavua kila kitu, unavaa ovaroli na gambuti za ndani. Kutoka unaoga mpaka nywele. Na kanuni moja ilikuwa ukutani kwa herufi kubwa: ukitoka humo, usikaribie kuku yeyote wa nje kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa kuchanja, kwa sababu kwa tone la jicho hakukuwa na mwingine.

Wiki chache baada ya tone, kuku wote waliambukizwa ugonjwa wa koo kwa makusudi. Ndivyo inavyofanyika, na ni kazi ngumu kuitazama. Wasiochanjwa walinyoosha shingo wakakoroma mpaka ukuta ukawa na madoa. Wa Maganga walikula pumba. Nilisimama nyuma ya kioo na ubao wangu wa kumbukumbu, nikiandika hali ya kila kuku, na moyoni nikimtaka walau mmoja akohoe. Mmoja tu. Walikula, wakanywa maji, mmoja akalala usingizi kwenye kona. Niliandika yote kama yalivyokuwa. Maandishi yangu hayakuwa na wivu. Mimi ndiye niliyekuwa nao.

Lakini kulikuwa na jaribio la pili, na kwa hilo nilipata siku njema. Safari hii alitumia kuku ambao tayari walikuwa wamepewa chanjo yangu ya zamani ya mdondo. Tone lake halikushika. Walipoambukizwa ugonjwa wa koo, waliugua kama wenzao.

Maganga alikaa kwenye benchi la nje na gambuti zake mkononi. "Unaona, mtani? Mpagazi anafika mlangoni, anakuta askari wako. Wanamjua, wanamkamata. Mzigo haushuki."

"Askari wangu wanafanya kazi yao."

"Wanafanya vizuri mno," akasema.

Elewa maana yake. Mahali popote nilipokuwa nimechanja vizuri, chanjo yake isingefanya kazi. Kila kijiji nilichokilinda nilikuwa nimemfungia mlango. Nililala vizuri usiku huo, na asubuhi nikamletea chai.

Tulikuwa katikati ya kundi la tatu wakati mjomba wangu alipofariki. Kwa Waluguru, mjomba si mtu unayemtumia rambirambi kwa simu. Ukoo ni wa mama, na kaka wa mama ndiye nguzo yake. Simu iliingia asubuhi tukitoka kuchanja, nywele zikiwa bado mbichi. Na Maganga naye hakuwa na uchaguzi. Msiba bila watani ni msiba uliokosa chumvi. Wao ndio wanaozuia jeneza njiani mpaka wapewe chochote, wanaoiga mwendo wa marehemu, wanaolazimisha wafiwa wacheke. Tuliomba ruhusa, tukapewa, tukapanda gari kwenda Mgeta. Kila mtu kituoni alijua tunakwenda msibani. Hakuna hata mmoja, pamoja na sisi, aliyewaza kuku. Msibani mtu anawaza watu.

Maganga aliwatendea haki wafu wetu. Alilala mlangoni akidai mjomba alikuwa na deni lake la ugali. Alivaa shuka la shangazi akaiga jinsi mjomba alivyopanda kilima huku akikitukana. Mama yangu, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia vizuri, kilio kile kinachomwacha mtu mwepesi.

Baada ya maziko, yule mtetea wa kishingo alishuka kwenye mfenesi wake kuja kudonoa mabaki ya wali. Huyo hakuwahi kupata tone langu, kwa sababu alilala juu mno, na alfajiri alikuwa wa kwanza kupotea. Maganga alimnyatia, akamkamata mabawa yote mawili kwa nyuma, akamwinua juu.

"Huyu ameachwa kwa ajili yangu. Marehemu alinisemea ndotoni."

"Mwachie, mla panya wewe," akasema mama.

"Nikomboeni basi."

Mama akanigeukia. "Dismas, mkomboe kuku wangu kwa mtani wako. Au umemwachia mpaka kuku?"

Watu wakacheka. Nilimpa Maganga sahani yangu ya wali, nikampokea kuku, nikambana kwapani kichwa kikiwa kifuani kwangu, nikampeleka jikoni. Njiani alidonoa kifungo cha shati langu, akapiga chafya. Nakumbuka hilo kwa sababu shati lilikuwa jipya.

Majuma yalipita. Kisha mama akapiga simu.

"Baba, kuku wako wanakufa."

"Wanakufaje?"

"Wanatazama mbinguni, wanakohoa damu."

Niliomba likizo, nikakaa mbali na banda la kituo zile siku zilizotakiwa, safari hii nikizikumbuka, ndipo nikapanda. Ugonjwa wa koo ulikuwa umeingia, pengine na kuku wa kununuliwa mnadani. Mabanda yote yalikuwa yakikoroma. Jirani wa mama, Mama Prosista, aliyewahi kunipikia kila nilipokuja kuchanja, alinisubiri uani na kuku wake wawili waliokufa.

"Miaka yote unatutilia matone," akasema. "Kumbe yalikuwa maji."

"Mama Prosista, matone ni ya mdondo. Huu ni ugonjwa mwingine."

"Kuku akifa amekufa, baba. Mimi siwezi kumuuliza amekufa na upi."

Nilijua dawa ya jambo lile ilikuwa ndani ya friza la Maganga, na nilijua pia kwamba hata ningeibeba, kwenye kuku wa kijiji kile isingeshika, kwa sababu ya matone yangu. Watu waliacha kuniita Dismas wa matone. Hawakuniita jina baya. Waliniita Dismas tu.

Kuku wa mama walikwisha wote isipokuwa yule mtetea. Alikuwa akizunguka uani kati ya wanaokufa, anakula chakula chao, shingo yake nyekundu bila unyoya, hakohoi. Mama alimtazama siku kadhaa, kisha akamtia kwenye tenga.

"Mpelekee mtani."

"Mama, ndiye wa pekee aliyebaki."

"Ndiyo maana. Yule aliyemshika, mkono wake una dawa. Wengine wote uliwashika wewe."

Nilishuka na fuso la mboga, tenga limebanwa kati ya magunia ya njegere na kabichi, mtetea akitoa shingo yake kwenye tundu na kunitazama. Mama yangu mwenyewe. Mkono. Mlima mzima nilishuka na neno hilo, na Bi Hadija akiwa pembeni yangu na miwani yake ya uzi.

Maganga alitoka nje ya geti kumpokea. Hakucheka. Alimtazama mtetea, akaniuliza wenzake wako wapi, nikamwambia. Akaagiza bomba la sindano na glovu, akatoa damu kwenye mshipa wa bawa palepale juu ya boneti la gari. Kuku hakuingizwa ndani; aliwekwa kwenye chumba cha karantini nje ya uzio.

Kipimo alikifanya mwenyewe, mimi nikiwa naye. Kuku aliyeugua ugonjwa wa koo akapona, kingamwili zake huvijua virusi hivyo sehemu zote. Damu ya mtetea ilikitambua kwa nguvu kile kipande kimoja tu alichokipandikiza Maganga. Sehemu nyingine ilizitambua kwa unyonge. Na ilikuwa na kinga ya mdondo, wakati mdondo haukufika kijijini na tone langu halikumfika. Maganga alirudia kipimo. Kikasema vilevile.

"Haiwezi kuwa hakika kabisa," akasema. "Ila sioni njia nyingine."

Virusi vyake vilikuwa vimetoka getini juu ya mmoja wetu. Kwa shati, kwa nywele, kwa pua, sijui. Vile virusi vyangu vinavumilia, ndiyo sifa yake. Vikamkuta kuku pekee kijijini asiye na askari wangu mlangoni, vikashuka na mzigo wao. Vimemwokoa. Na kwa sheria ilikuwa ajali kubwa kuliko zote tulizoonywa juu yake.

Nataka muelewe nilichokuwa nacho mkononi pale. Neno langu moja kwa wakubwa lingeisimamisha kazi yake yote. Kumwonea mtu wivu miaka yote ile, kisha upewe jambo ambalo ni wajibu wako kulisema. Nilikuwa nimeshaanza kupanga sentensi.

Maganga alivua glovu. "Nakwenda kwa mkurugenzi sasa hivi. Unakuja, au niseme mwenyewe?"

Hata hilo aliniwahi.

Tulikwenda wote. Kazi ilisimamishwa siku hiyohiyo, kuku wa jaribio wakateketezwa, na mtetea pia. Wakaja wakaguzi, watu wapole, wakali kwa maswali. Walipanda Mgeta wakachukua damu za kuku wapya na wa vijiji vya jirani, hawakukuta dalili nyingine. Walituweka mimi na Maganga vyumba viwili, wakatupa kila mmoja kuku wa kitambaa, wakatuambia tuonyeshe tulivyomshika yule wa msibani. Yeye alionyesha mabawa kwa nyuma, mikono imenyooka. Mimi nilionyesha kwapani, kichwa kifuani. Waliuliza shati langu lilining'inizwa wapi asubuhi ile, na kofia yake ilikuwa wapi. Shati lilikuwa kwenye msumari wa nje wa bafu. Kofia ilikuwa msumari wa pili.

Maganga alipanda mwenyewe kumweleza mama. Nilimsindikiza.

"Kuku wangu ulimla?" mama akauliza.

"Nilimchoma moto, mama."

"Ukamla?"

"Hapana. Alichomwa akawa majivu."

"Mnyamwezi hata kuchoma kuku hajui," mama akasema, akaenda kumtafutia mwingine.

Nimestaafu sasa. Sina la kuwafundisha kuhusu wivu, haujaniisha. Hata ninyi nawaonea, mtakaokaa kwenye vile viti mkiwa na mashine zinazosoma jeni kabla chai haijapoa. Niwape tu kanuni ambayo haikuwa ukutani: mwenye kazi ya kuku ahesabu na msiba. Weka shati la msibani nyumbani, mbali na bafu la banda. Waambie ndugu zako mapema, wawafungie kuku siku utakayokuja. Watakucheka. Wacha wakucheke.

Chanjo bado iko kwenye friza, na maombi ya kuanza upya bado yako mezani kwa watu. Maganga sasa anatafuta mpagazi mwingine, asiyejulikana na askari wangu. Mama anasema ni mkono wa mtani uliomponya kuku wake, na kila anayefika kwake anamwambia hivyo. Maganga anasema ni mimi, kwa sababu ya kifua na chafya. Sijui kama anasema kweli au ananipa zawadi. Kila mmoja wetu akikiri, anakiri kosa, nami ningelipokea kosa hilo kwa mikono miwili. Taarifa ya wakaguzi inasema virusi vilitoka na "mmoja wa watumishi wawili". Walipima shati, walipima kofia. Vyote vilikuwa vimeshafuliwa.